Kuchagua pampu ya umeme ya petroli kwa injini ya kabureta iliyoongezwa nguvu: mwongozo kamili

Injini ya kabureta haitaki presha kubwa ya petroli. Inataka petroli ya kutosha, ifike kwa presha ndogo isiyoyumba, hata mguu ukiwa umekanyaga hadi chini kwa gia ya nne kwenye mlima mrefu. Makosa mengi yanaanzia hapo: mtu ananunua presha wakati anachohitaji ni ujazo, kabureta inafurika. Au ananunua pampu nzuri kabisa, akaifunga mbele karibu na injini, ikawa inavuta kupitia chujio la karatasi, na gari likawa linakosa mafuta kila likifika mizunguko 5,500 kwa dakika.

Mfano wetu ni Ford Escort Mk2 yenye injini ya Pinto ya lita 2.0, kamshafti kali na kabureta mbili za Weber 45 DCOE, inayotoa hp 160 (nguvu-farasi) kwenye flaiwili, yaani pale nguvu inapotoka kwenye injini. Ni gari la aina ambayo bado linakimbia kwenye rali za magari ya zamani nchini Kenya. Pembeni yake tutaweka V8 ya Kimarekani ya hp 400 yenye kabureta moja ya Holley 4150, kwa kuwa mahitaji ya injini hizi mbili hayafanani na watu huyachanganya sana.

Hatua ya 1: Jua presha ambayo kabureta yako inaivumilia

Ndani ya bakuli la kabureta kuna boya na sindano. Petroli ikipanda, boya linaisukuma sindano kwenye kiti chake na njia inafungwa. Pampu nayo inaisukuma sindano hiyohiyo kutoka upande wa pili ili ifunguke. Nguvu ya boya ina kikomo. Presha ikizidi kikomo hicho, sindano haifungi, petroli inapita alama yake, inadondoka kwenye venturi (koo la kabureta linalopitisha hewa) injini ikiwa imetulia, plagi zinakuwa nyeusi na oili inaanza kunuka petroli. Oili iliyochanganyika na petroli inaua beringi, kwa hiyo usichukulie kufurika kuwa ni suala la ulaji wa mafuta tu.

Kabureta za Weber DCOE na IDF, na Dell'Orto DHLA, zipe psi (pauni kwa inchi ya mraba) 3 hadi 3.5. SU zipe psi 2.5 hadi 3. Edelbrock Performer inapenda 5.5 na isipite 6.5. Holley 4150 inafanya kazi vizuri kwenye 6 hadi 7. Ili upate picha ya udogo wa namba hizi, tairi la gari dogo hujazwa karibu psi 30, yaani mara kumi ya kile Weber inachotaka. Ndiyo sababu geji ya kupimia matairi haikufai hapa. Tafuta geji ya mafuta inayosoma 0 hadi 15, ambayo tofauti ya nusu psi unaiona kwa macho.

Kuna jambo moja ambalo wengi hulisahau. Ukibadilisha kiti cha sindano cha Weber kutoka milimita 1.75 kwenda 2.00 ili kabureta ipitishe petroli zaidi, eneo ambalo presha inalisukuma linaongezeka kwa karibu asilimia 30, na boya ni lilelile. Kabureta iliyokuwa inavumilia psi 3.5 inaweza kuanza kufurika kwa presha hiyohiyo. Usilaumu pampu. Shusha presha hadi 3 kwanza.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya ujazo

Injini ya petroli isiyo na tabo, ikiwa imekanyagwa mpaka mwisho, hutumia karibu gramu 225 za petroli kwa kila hp kwa saa. Petroli ina uzito wa karibu gramu 740 kwa lita, kwa hiyo unapata lita 0.3 kwa kila hp kwa saa. Kama umeiseti injini iwe nzito kidogo kulinda pistoni, hesabu 0.33.

Escort yetu: 160 × 0.3 = lita 48 kwa saa. Ongeza asilimia 30 kwa ajili ya betri iliyochoka, chujio linaloanza kujaa na pampu itakayozeeka. Unapata lita 62 kwa saa, yaani lita moja na kidogo kwa dakika. V8 yetu: 400 × 0.3 = 120, ukiongeza asilimia 30 ni 156 kwa saa, au lita 2.6 kwa dakika.

Tumia hp ya flaiwili. Namba ya daino (mashine ya kupimia nguvu) ya magurudumu ni ndogo zaidi, kwa sababu gia na difu zimekula sehemu yake. Tena, kama gari limepimwa Nairobi, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800, presha ya hewa huko ni pungufu kwa takriban sehemu moja ya tano ukilinganisha na pwani. Gari hilohilo likishuka Mombasa linavuta hewa nzito zaidi, linatoa nguvu zaidi na linataka petroli zaidi. Pampu ichaguliwe kwa nguvu ya pwani, hata kama gari linaishi bara.

Hatua ya 3: Soma maandishi ya boksi kwa makini

Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni ya mtiririko huru: pampu inamwaga hewani, hakuna kitu kinachoizuia. Kwenye gari hali hiyo haipo. Unachotafuta ni ujazo kwenye presha fulani. Pampu ya Holley Red, kwa mfano, hutoa galoni 97 kwa saa ikimwaga huru, lakini galoni 71 kwenye psi 4. Holley Blue ni 110 huru na 88 kwenye psi 9. Pampu ambayo mtengenezaji wake hataji ujazo kwenye presha, ichukulie kuwa haijakuambia chochote mpaka uipime mwenyewe kwa dumu, kama tutakavyoona mbele.

Angalia pia galoni yenyewe. Ya Marekani ni lita 3.785, ya Uingereza ni lita 4.546. Kwenye pampu ya galoni 40, tofauti inafika lita 30 kwa saa. Kwa Escort hiyo ni nusu ya mahitaji yote.

Galoni 71 za Marekani ni lita 269, zaidi ya zile 156 za V8 yetu. Kwa nini basi watu wa mashindano ya mstari mnyoofu hufunga pampu kubwa kuliko hesabu? Kwa sababu petroli iliyo ndani ya bomba nayo ina uzito. Gari likiruka mbele kwa nguvu sawa na mvutano wa dunia, yaani 1 g, bomba la mita 3 kutoka nyuma hadi mbele linarudisha nyuma karibu psi 3.2. Pampu ya psi 7 inafikisha chini ya 4 kwenye kabureta inayotaka 6, tena katika sekunde zile ambazo injini ina njaa kuliko wakati wowote. Kwa gari la namna hiyo chukua pampu ya psi 14 kama Holley Blue, kisha uishushe kwa regyuleta (kifaa cha kupunguza presha) mbele. Kwa gari la barabarani au la rali, hasara hii ni ndogo na Red inatosha.

Hatua ya 4: Chagua aina

Pampu za pigo, kama Facet, zina pistoni ndogo inayopigwa na sumaku ya umeme. Utazijua kwa mlio wake wa tok-tok-tok: unapiga haraka bakuli likiwa tupu, unapungua likijaa. Zinavuta vizuri kiasi, hazisumbuki njia ikifungwa na sindano, zinakula umeme kidogo, na uchafu mdogo hauziui papo hapo. Kwa injini za silinda nne zenye Weber ndizo chaguo letu la kwanza. Facet Red Top inafika psi 6 hadi 7, kwa hiyo kwenye DCOE lazima iwe na regyuleta.

Pampu za mapanga, kama Holley Red na Blue au Carter P4070, zina rota yenye vipande vinavyokwangua ukuta wa chumba chake. Zinatoa ujazo mkubwa kwa mlio wa kuvuma. Udhaifu wake ni miwili: hazijui kuvuta, zinajua kusukuma tu, na chembe ndogo ya kutu inaweza kukwamisha panga moja na ujazo ukashuka ghafla. Kwa V8 ndizo zenyewe, ila zinadai kufungwa mahali sahihi bila mjadala.

Pampu ya EFI (mfumo wa kunyunyizia petroli usio na kabureta) iliyotolewa kwenye Vitz au Probox usiifunge kwenye kabureta. Tunajua inapatikana kwa bei nzuri Kirinyaga Road jijini Nairobi na Gerezani jijini Dar es Salaam, na fundi atakwambia regyuleta itaishusha. Pampu hiyo imetengenezwa kwa psi 40 na zaidi. Regyuleta ya kawaida ya kabureta isiyo na njia ya kurudisha haiwezi kuizuia kwa uhakika: presha inapenya kidogo kidogo na sindano inazidiwa. Ili ifanye kazi unahitaji regyuleta maalumu yenye bomba nene la kurudisha karibu petroli yote kwenye tangi, na hata hapo umebaki na bomba la presha kubwa chini ya gari bila sababu.

Kuhusu zile pampu ndogo za mchemraba zisizo na jina la mtengenezaji, au zenye alama ya HEP-02A tu: baadhi zinafanya kazi vizuri, lakini namba za boksi hutofautiana kutoka duka moja hadi jingine. Nunua kama bajeti ndiyo hiyo, kisha dumu liamue.

Hatua ya 5: Mahali pa kuifunga

Hapa ndipo pampu nyingi nzuri huharibiwa. Petroli ikisukumwa ni salama. Ikivutwa, presha ndani ya bomba inashuka chini ya ile ya hewa, na petroli yenye joto huanza kuchemka kabla ya wakati wake. Kadiri unavyopanda juu ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi na kuchemka kunavyokuja mapema. Foleni ya mchana Nakuru, sakafu ya gari ikiwa imepashwa na ekzosi, ni mtihani mgumu kuliko watu wanavyodhani.

Funga pampu nyuma, karibu kabisa na tangi, usawa wa chini ya tangi au chini zaidi, ili petroli iingie yenyewe kwa uzito wake. Kwa pampu ya mapanga hili ni sharti. Pampu ya pigo inaweza kuvumilia kuwa juu kidogo, lakini usiitegemee, na mdomo wake wa kutolea uelekee juu ili mapovu yatoke. Iweke mbali na ekzosi, mahali ambapo jiwe halitaigonga na ambapo gari likigongwa nyuma haitakuwa ya kwanza kupondwa. Kwenye Escort, ndani ya reli ya chesisi mbele ya tangi panafaa. Tumia mipira ya kuzuia mtikisiko, la sivyo sakafu yote itavuma.

Kabla ya kuendelea, kagua tundu la hewa la tangi. Endesha dakika 20, kisha fungua kifuniko. Ukisikia hewa ikiingia kwa nguvu, tundu limeziba, na pampu yoyote utakayoweka itapambana na tangi lako lenyewe.

Ukishahamia umeme, ondoa pampu ya zamani kwenye injini na uzibe tundu lake kwa bati na gasketi. Ukiiacha, siku kiwambo chake kikipasuka pampu ya umeme itasukuma petroli moja kwa moja ndani ya oili.

Hatua ya 6: Mabomba na machujio

Bomba la ndani ya milimita 8 linatosha hadi karibu hp 200. Kwa V8 yetu weka milimita 10. Bomba la kuingia kwenye pampu lisiwe jembamba kuliko la kutokea, na kama mrija wa kunyonyea ndani ya tangi ni ule wa kiwandani wa milimita 6, kubadilisha kila kitu kingine ni kupoteza pesa.

Kabla ya pampu weka chujio la wavu, mikroni 100 hivi, kubwa na rahisi kusafisha. Kazi yake ni kuzuia kutu na mchanga tu. Chujio la karatasi, mikroni 10 hadi 40, likae baada ya pampu, ambako presha ipo ya kulisukuma. Ukitumia la wavu lenye kioo angavu, litazame injini ikiwa imepata moto na inazunguka kwa 3,000: petroli iwe tulivu kama maji ya glasi. Ukiona mlolongo wa mapovu madogo yanayopanda kama ya soda, ama pampu inavuta hewa kwenye klipu iliyolegea, ama petroli inachemka.

Mipira iwe ya petroli yenye alama ya SAE 30R7, au 30R9 ambayo ni bora zaidi. Mpira wa maji au wa gesi unalainika ndani, unavimba na kuziba njia, na kwa nje huoni chochote.

Hatua ya 7: Regyuleta na njia ya kurudisha

Kwa Escort tumia regyuleta inayoshuka chini vya kutosha. Hili hukosewa mara kwa mara: Holley 12-803 inafanya kazi kati ya psi 4.5 na 9, kwa hiyo haifai kwa Weber hata ukiilegeza yote. Ya Weber ni 12-804, ya 1 hadi 4, au Malpassi Filter King ambayo ina chujio humohumo. Ifunge kwenye ukuta wa nyuma wa chumba cha injini, si juu ya injini yenyewe, na geji iwe baada yake, karibu na kabureta. Presha iseti injini ikiwa inazunguka polepole, si ikiwa imezimwa.

Gari la joto la pwani au lenye chumba cha injini kilichobanana litafaidika na bomba la kurudisha. Petroli inayozunguka haipati muda wa kupashwa. Datsun na Toyota nyingi za kabureta zilitoka kiwandani na bomba hilo tayari, usilizibe. Ukilitengeneza mwenyewe kwa mfumo wa pampu ya pigo, tundu la milimita 1 hadi 1.5 kwenye mgawanyo wa bomba linatosha, lirudi juu ya tangi, kamwe lisirudi kwenye mdomo wa pampu. Kumbuka kuongeza petroli inayorudi kwenye hesabu yako ya ujazo.

Hatua ya 8: Umeme

Usichukue umeme wa pampu moja kwa moja kwenye swichi ya ufunguo. Tumia rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo. Mguu wa 30 unatoka betri kupitia fyuzi iliyo karibu na betri. 87 unaenda kwenye pampu. 86 unatoka kwenye ufunguo. 85 unaenda bodi ya gari (hasi). Waya wa kwenda nyuma uwe wa milimita za mraba 2.5. Kwa mita 5 na ampia 4 unapoteza volti 0.14 tu, waya mwembamba wa taa wa 0.5 ungekula karibu 0.7. Upande wa bodi kwangua rangi mpaka chuma king'ae. Pima kwenye miguu ya pampu yenyewe injini ikiwaka: ukipata chini ya volti 13 wakati betri inasoma 13.8, tafuta pa kurekebisha.

Sasa usalama. Pampu ya umeme haijui kwamba gari limepinduka, itaendelea kumwaga petroli juu ya ekzosi ya moto. Waya wa 85 upitishe kwenye swichi ya presha ya oili, ili injini ikizimika pampu nayo izimike. Lakini si swichi ya taa ya oili ya kawaida: hiyo hufunga mzunguko presha ikiwa haipo, na kwa kazi yetu inafanya kinyume. Unahitaji inayofunga presha ikipanda. Sambamba nayo weka kitufe cha kubonyeza kinachojirudisha chenyewe, cha kujazia mabakuli kabla ya kuwasha gari lililolala wiki nzima. Kwenye waya wa 86 ongeza swichi ya kugongwa kutoka gari la EFI lililovunjwa, zile za Ford zenye kitufe juu. Hii hatuihesabu kuwa ya hiari.

Hatua ya 9: Pima kwa dumu

Fanya nje, injini baridi, kizimamoto karibu, hakuna sigara. Toa mpira kwenye kabureta. Baada ya regyuleta unganisha geji, kisha koki ndogo, kisha mpira uingie kwenye dumu lenye alama za ujazo lililo chini ardhini. Bonyeza kitufe pampu ifanye kazi na ufungue koki taratibu mpaka geji ishuke kwenye psi 2.5 kwa Weber, au 5 kwa Holley. Ishikilie hapo na kusanya kwa dakika moja kamili.

Escort inatakiwa itoe si chini ya lita 1.05. V8 si chini ya 2.6. Ukifaulu kwa betri ya volti 12.4, barabarani alternata ikitoa 13.8 utakuwa na ziada.

Ukifeli, usikimbilie duka. Ivutishe pampu kutoka dumu jingine lililo karibu nayo kwa mpira mfupi mnene. Ujazo ukirudi, kosa liko upande wa tangi: mrija, chujio la wavu au tundu la hewa. Usiporudi, pima volti kwenye pampu. Volti zikiwa sawa, pampu ndiyo dhaifu.

Hatua ya 10: Barabarani

Geji uitazame, au umpe msaidizi aitazame, kwenye mvuto mrefu wa gia ya tatu na ya nne. Kwa Weber presha isishuke chini ya 2, kwa Holley isishuke chini ya 4.5. Ikianza kushuka sekunde kadhaa baada ya kukanyaga, achia mara moja. Mabakuli yanakupa akiba fupi, kisha mchanganyiko unakuwa mwepesi, joto linapanda na pistoni inatoboka kabla hujasikia tofauti kubwa ya mlio.

Presha ikishuka taratibu kadiri mwendo unavyoendelea, ujazo hautoshi au chujio limejaa. Ikiyumbayumba gari likiwa na joto na kutulia likipoa, ni petroli inayochemka, rudi kwenye hatua ya 5. Presha ikibaki imara lakini injini inakata, acha pampu, nenda kwenye viti vya sindano, jeti na moto wa plagi.

Baada ya kilomita 100 za kwanza kaza klipu zote tena na ufungue chujio la wavu. Mtiririko mpya huamsha kutu iliyolala chini ya tangi kwa miaka, na mara nyingi chujio la kwanza hujaa ndani ya siku chache.